Mbegu Niliyowapikia Wageni

Mang'ola, Jumapili alasiri

Mwanangu Yustina,

Umekwenda mferejini kuagana na wenzako, na sanduku lako limeshafungwa. Habari za sabuni, shuka na namna ya kutunza sare sitaziandika hapa. Tumezisema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Barua hii ina jambo moja tu, nami nimelikwepa kwa miaka mitano.

Juzi baba yako alisema lori la kesho litapita njia panda ya Kansay, na kwamba ungeweza kushuka pale ukamsalimie bibi yako, Ama, kabla hujaendelea na safari ya Mbulu. Hukuinua macho kutoka kwenye maharage uliyokuwa unachambua. Ulisema, "Mimi sipiti kwa mwizi." Hukupaza sauti. Ulisema kama mtu anayesema kwamba hapendi chumvi nyingi. Nami nikasogeza sufuria ambayo haikuwa na haja ya kusogezwa. Kisha nikatoka nje, nikajikunyata nyuma ya zizi. Ulinifuata ukaniuliza kama nina homa, nikasema ndiyo. Hata hapo nilidanganya.

Bibi yako hakuiba chochote. Mbegu ya mpunga niliipika mimi. Kama huwezi kusoma zaidi ya hapa, iweke barua chini, kwa maana hilo ndilo lenyewe. Lakini ningependa ujue ilivyokuwa, maana ulikuwepo, na wewe mwenyewe ulitumiwa.

Nilipoolewa na kuletwa hapa nilikuwa na miaka kumi na saba na cheti cha darasa la nane. Katika nyumba zote saba za mfereji wetu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeweza kusoma hata jina lake. Unaweza kufikiri jambo hilo lilinifanya mnyenyekevu. Lilinifanya nichukie karibu kila kitu nilichokikuta. Nilichukia moshi ndani ya nyumba, nilichukia kulala jirani na ndama, na zaidi ya vyote nilichukia mtama. Nilichukia rangi yake kwenye sahani, rangi ya udongo uliolowa, na namna uji wake unavyobaki kwenye meno. Ama alikuwa na kishamba cha mtama kwenye mkia wa mfereji, mahali ambapo maji hufika siku yakitaka. Kila mwaka alivuna hapo magunia mawili matatu na kuyaweka ghalani bila kuyagusa mpaka mwaka mwingine uje. Mimi niliona ni ujinga kuhifadhi chakula ambacho hakuna mtu anayekitamani.

Ama hakuwa mtu mpole, nawe usije ukamfanya malaika baada ya kusoma haya. Ulimi wake ulikuwa mkali. Akinikuta na gazeti kuukuu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mama Yustina anasoma hata majani ya chai, halafu maji yanamwagika jikoni. Alinicheka nilivyoshika jembe. Nilimjibu kwa kiburi cha kimya, kile cha watu waliosoma, ambacho ni kibaya kuliko matusi kwa sababu mtu hawezi kukushtaki kwacho.

Mwaka mmoja kabla ya ukame nilimshawishi baba yako tulime mpunga mtupu. Mpunga ulikuwa unauzika. Wenye maduka wa Karatu waliteremka na malori kuufuata, na mtu mwenye wali nyumbani alikuwa mtu wa kuheshimika. Nilimwambia Uhuru unakuja na sisi bado tunakula chakula cha ndege. Alinisikiliza, kwa maana aliamini kwamba vitabu vinajua. Kishamba cha mtama kikavunjwa, kikatengenezwa jaruba la nne la mpunga. Magunia ya ghalani tukayauza ili kununua bati. Ama alisimama kwenye ukingo wa jaruba lile jipya, akaniuliza swali moja tu: mwaka ambao maji hayatafika hapa, mpunga huu utakunywa nini? Nikamwambia kwamba chemchemi za Mang'ola hazijawahi kukauka. Ni kweli, hazikukauka. Zilipungua tu, na walio juu ya mfereji wakanywesha kwanza.

Mpunga wetu ulichanua ukiwa na kiu. Ukiutazama kwa mbali ulikuwa mzuri, umeinamisha vichwa kama unavyopaswa, lakini ukiupura ulipata mapepe, maganda matupu yanayopeperuka kabla hata hujapuliza. Kutoka kwenye majaruba manne tulipata debe tatu. Mbili tulizila tukiamini kwamba mvua iko karibu. Ya tatu Ama alichagua punje zake moja moja kwa siku mbili, akabakiza zile zilizojaa, zikaingia kwenye kibuyu. Ilikuwa ndiyo mbegu ya mwaka uliofuata.

Unajua desturi ya watu wa baba yako. Mbegu hulala chini ya kitanda cha mwanamke mkubwa wa nyumba. Yeye huziba mdomo wa kibuyu kwa samadi, na yeye peke yake hukifungua siku ya kuatika. Mke wa mwanawe haruhusiwi hata kukipangusa vumbi. Niliwahi kusema mbele yake kwamba punje haijui umri wa mtu anayeishika. Akanijibu kwamba punje haijui, lakini njaa inajua.

Baba yako alikwenda Oldeani kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa. Tukabaki watatu, mimi, wewe na Ama. Yakaanza kuja mahindi ya njano ya serikali, yaliyogawiwa Karatu na kuletwa huku kwa zamu. Yalinuka gunia. Nilikuwa nayapika nimegeuza uso. Siku mahindi yalipochelewa, Ama alikwenda porini kuchimba mizizi na kuchuma mboga, akarudi vidole vimechanika. Alikuwa akikupa wewe kwanza, kisha mimi, kisha analamba mwiko. Nakueleza hili kwa sababu nililiona kwa macho yangu, na bado nikafanya nililofanya.

Siku hiyo Ama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda porini, nawe ulikuwa kwa Mama Tekla ukicheza mpaka jioni. Karibu saa nne akaja mtu na ujumbe kwamba Bwana Shamba na Bwana Maendeleo wako njiani. Wanatembelea wakulima wa mpunga, na huyo Bwana Maendeleo anatafuta mwanamke aliyesoma wa kufundisha darasa la akina mama. Wametajiwa jina langu, na watakula kwangu.

Yustina, nilikuwa na miaka ishirini na nne. Tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kunitafuta kwa sababu ya kitu nilichokuwa nacho kichwani. Nilitazama jikoni nikaona sufuria ya mahindi ya njano, na mboga ya porini iliyonywea. Nikawaona wale mabwana wakiinusa na kutazamana. Ingekuwa ni kusema tu, karibuni, hiki ndicho tunachokula. Ndilo walilokuja kuliona, au walipaswa kuja kuliona. Sikuweza. Niliingia chumbani kwa Ama, nikapiga magoti, nikakivuta kibuyu. Nakumbuka nilipovunja ile samadi sikusikia hofu wala huzuni. Nilisikia furaha ya mtu ambaye hatimaye amegusa kitu alichokatazwa kwa dharau.

Nilitwanga yote. Nilijiambia nitabakiza nusu, lakini wageni waligeuka kuwa wanne, pamoja na dereva na karani. Wakati wa njaa mchi unasikika mbali. Nilijua majirani wananisikia, nikatwanga haraka zaidi.

Walikula vizuri. Sitasahau jinsi walivyokula. Bwana Shamba alikuwa na vidole vifupi vinavyong'aa mafuta, na kila akipata pumba alilitoa ulimini, akalibandika kwenye ukingo wa sahani yangu. Alisema watu wa bonde hili wana tatizo la uvivu, wamepewa maji na bado wanasubiri gunia la serikali. Nilitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma sana ninapolikumbuka, kuliko hata wali wenyewe. Nilitabasamu na kumwongezea mboga. Bwana Maendeleo aliniuliza maswali mawili kwa Kiingereza, nikayajibu, akasema, huyu anafaa. Walipomaliza, Bwana Shamba akafungua daftari lake. Aliniuliza majina ya nyumba za mfereji huu, nikamtajia zote saba kwa ufasaha, nikijivuna kwamba nazijua. Akaandika chini yake, akamsomea karani kwa sauti:

"Hapa chakula kipo."

Kisha akaomba wali uliobaki afungiwe wa njiani. Nikamfungia kwenye kitambaa changu cha harusi.

Ilinichukua siku kumi kuelewa. Mahindi ya njano yalikuja mfereji wa juu, yakaja mfereji wa chini, kwetu hayakuja. Nyumba saba zilifutwa kwenye orodha kwa sababu ya sahani zangu. Mtoto wa Mama Tekla, yule mnayekwenda naye kuchota maji, alivimba miguu na uso mpaka macho yakaziba. Alipona, lakini si kwa sababu yangu. Wazee walikwenda Karatu kwa miguu mara mbili kulalamika, na mara zote mbili wakaonyeshwa daftari. Mimi nilijua kilichoandikwa humo. Sikwenda nao. Niliyekuwa najua kusoma kuliko wote nilibaki nyumbani, nikisema wewe unaumwa.

Ama alijua jioni ileile. Aliporudi kutoka porini alisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Nilikuwa nimemwekea ukoko wa sufuria kwenye bakuli, na nisikudanganye kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa ni kumziba mdomo. Aliingia chumbani kwake, akakaa humo kwa muda, akatoka. Alichukua bakuli, akakuita, akakulisha ukoko wote kwa mkono wake, nawe ukacheka jinsi ukoko ulivyolia kwenye meno yako. Yeye hakuonja.

Mvua ilipoonyesha dalili baba yako akarudi kutoka Oldeani. Asubuhi iliyofuata alipiga jembe kitalu, akamwambia mama yake alete mbegu. Ama akaleta kibuyu, akakiinamisha. Kikatoka kijiti na vumbi.

Baba yako hakukasirika mara moja. Alidhani ni panya. Akakigeuza, akaona samadi imevunjwa na mkono. Akatutazama sote wawili. Nami nikasema maneno ambayo nimekuwa nikiyarudia kichwani kila siku tangu hapo:

"Mimi siruhusiwi kugusa mbegu. Mnajua wenyewe."

Yaangalie vizuri maneno hayo. Hayana uongo hata mmoja ndani yake. Niliichukua desturi niliyokuwa naidharau nikajificha nyuma yake, na nilifanya hivyo upesi sana, kana kwamba nilijiandaa miezi. Shule ilinifundisha kupanga sentensi, na hiyo ndiyo sentensi bora niliyowahi kuipanga.

Baba yako alihangaika. Hakutaka kuamini. Alikuita wewe, ulikuwa na miaka mitano na nusu, akachuchumaa mbele yako, akakuuliza kama uliwahi kula wali yeye akiwa hayupo. Ukasema ndiyo. Akauliza nani alikupa. Ukasema, "Ama. Alinipa ukoko."

Mwanangu, hukusema uongo. Ulisema ulichokiona, na hiyo ndiyo sababu ulisadikiwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilichokisikia mwilini mwangu kilikuwa nafuu, kama mtu aliyewekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Nimeishi na uchafu mwingi wa nafsi yangu, lakini ile nafuu sijawahi kuizoea. Nikiikumbuka nataka kujivua ngozi.

Ama alinitazama. Kisha akamwambia mwanawe, "Mtoto amesema. Unauliza nini tena?"

Baba yako alimpeleka Kansay kwa baba yako mkubwa wiki ileile. Alisema hawezi kuishi na mzazi aliyekula mbegu ya mjukuu wake. Nilimsaidia Ama kufunga mzigo, ngozi mbili na chungu. Tulipokuwa peke yetu nikataka kumshukuru, na kinywa changu kikafunguka kweli. Alinizuia. Alisema kwa Kiiraqw, taratibu, kama anayemweleza mtu asiyesikia vizuri: "Usidhani ni kwa ajili yako. Angekurudisha kwenu, na mtoto huyu angelelewa na mama wa kambo. Wewe hata nikikutemea mate nitakuwa nimepoteza mate." Akajitwisha mzigo mwenyewe.

Sisi tuliomba mbegu kwa watu wa mfereji wa juu, na Mama Tekla, ambaye mtoto wake bado alikuwa na uso uliovimba, akatuongezea pishi moja. Aliniambia ananihurumia kwa kuwa na mama mkwe wa namna ile, kwa maana mchi waliousikia siku ya wageni sasa waliamini ulikuwa wa Ama. Nikapokea mbegu, na huruma nikaipokea pia. Habari ikaenea, na watoto wakaitungia wimbo, ule waliokuwa wakikuimbia ukienda kuchota maji. Ulikuwa unarudi unalia, nami nakufuta machozi na kukuambia usiwajali.

Darasa la akina mama nilipewa. Nimelifundisha mpaka leo, na watu wa mfereji huu wananiita mwalimu. Siku ya kwanza niliandika ubaoni neno "chakula", wanawake kumi na moja wakalifuata kwa vidole, wengine vidole vyao bado vyembamba. Nilitoka nje nikasingizia kukohoa.

Huko unakokwenda utapewa elimu kuliko niliyopewa mimi, na nafurahi, usidhani sifurahi. Utakutana na watu wanaokula wakashiba na kuzungumza juu ya wenye njaa kama wanavyozungumza juu ya mifugo. Wengine watakuwa wema kwako. Watakusifu kwa kuwa si kama wengine wa kwenu, na sifa hiyo ni tamu, nakuambia kwa kuwa niliilipia kwa kibuyu kizima cha mbegu ambacho hakikuwa changu. Sina sheria ya kukupa. Mimi nimeshindwa sheria zote nilizojiwekea. Ninachojua ni kwamba siku utakapoona lawama yako imemwangukia mtu mwingine, na mwili wako ukapoa, basi usingoje kesho yake. Nilingoja kesho, na kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na mwaka uliofuata jambo lilikuwa limeota nyasi, na watu wanapita juu yake.

Nilifikiri kukupa barua hii ukaifungulie shuleni. Kisha nikaona hiyo ingekuwa ni kukutwika mzigo wangu uende nao mbali ili mimi nipumue. Kwa hiyo leo, mliporudi kutoka kanisani, nilimfuata baba yako bandani alikokuwa anatengeneza nira, nikamwambia yote, tangu mtama mpaka kitambaa cha harusi. Hakunipiga. Aliendelea kukaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazwa. Akauliza kwa nini leo. Nikasema kwa sababu mtoto anaondoka akimwita mama yako mwizi.

Akakaa chini. Kisha akasema, "Miaka mitano nampelekea chumvi na sukari kama mtu anayemsamehe. Naye anapokea, ananiambia asante, baba."

Alitoka akaenda kwenye majaruba, na kutoka hapa nilipokaa namwona, amesimama tu, maji yanampita miguuni. Sijui atakaporudi ataniambia nini. Inawezekana ataniambia nirudi kwetu, na akisema hivyo atakuwa na haki. Wewe usije ukaomba kwa ajili yangu.

Nitakukabidhi barua hii baba yako akilala, au kabla, utakaporudi kutoka mferejini, maana nikisubiri nitaichoma. Isome yote. Uwe na hasira kadiri unavyotaka. Ukikataa kunigusa mkono nitaelewa.

Lakini kesho nitapanda lori pamoja nawe, na likifika njia panda ya Kansay, mimi nitashuka. Nitaingia kwake kwanza, peke yangu, na nitasema mbele ya shemeji yangu na wake zake na yeyote atakayekuwa uani, kwa sauti ya kusikika. Anaweza kunifukuza. Anaweza kukataa kabisa kutoka ndani, na sitamlaumu. Wewe utachagua mwenyewe kama utashuka au utabaki garini na sanduku lako. Dereva nimemwambia akusubiri kidogo ukishuka, na kama hawezi, aende, kwa kuwa Jumatano kuna lori lingine.

Ukishuka utachelewa kuripoti shuleni, na najua hupendi kuchelewa. Barua ya kuomba radhi kwa mwalimu mkuu nimeshaiandika, iko juu ya nguo zako. Niliianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwamba ulikuwa na homa, nikaichana. Mara ya pili nikaandika kuna ugonjwa kwa bibi, nikaichana. Ile iliyomo sandukuni inasema kwamba mtoto amechelewa kwa sababu mama yake alimsingizia bibi yake wizi wa chakula wakati wa njaa, na ilibidi waende wote kulisema. Nimeweka sahihi yangu chini, jina langu kamili, na kazi yangu: mwalimu.

Mama yako